Safu ya Nane Iko Nyuma ya Ng'ombe

Nafula,

Usicheke mwandiko. Naandikia kwa goti, hapa kwa mlango, na Neema kila dakika anaitaka hii kalamu. Ni Jumamosi asubuhi, nguo zimelowekwa kwa karai na sijazigusa. Nimeinuka mara tatu tayari, nimeenda hadi kwa ukuta, nimerudi. Hakuna mahali naenda leo. Mwili ndio haujui.

Nianze na msamaha, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na sitakuwa nimesema. Nilikubali mtu aseme kwamba ulinifundisha makosa. Nilisimama mbele yake, kamba ya kiatu imefunguka, nikaitikia. Na wewe hukuwa umekosea.

Si unakumbuka ile kalenda. Siku nilikuja kwenu kukuaga, tumbo likiwa limeshafika hapa, ulinipa karatasi imekunjwa kama bomba, imefungwa na raba ya nywele. Kalenda ya agroveti, lile duka la dawa za mifugo, ya mwaka uliokuwa umeisha. Mbele ng'ombe wa maziwa na miezi yote kumi na miwili, nyuma nyeupe. Kwa hiyo nyeupe ulikuwa umenichorea elementi za Form Two, kila moja kwa kijumba chake na namba yake, biro ya bluu, mistari umenyoosha na rula. Ulisema nisomee Kitale, kwa sababu huko sitakuwa na mtu wa kuniletea madaftari kila Jumamosi. Mimi nililia. Wewe uliangalia pembeni, ukawa unavuta raba nyingine kwa kidole, paa, paa.

Hapa tunakaa chumba kimoja cha udongo, mimi na Baba Neema. Nilipofika niliibandika hiyo karatasi kwa ukuta na uji wa ngano, vile mama zetu hubandika magazeti. Nilipaka uji pande zote nne, wa kutosha, mpaka kingo zikashika kama ngozi. Upande wa ng'ombe sikuuangalia. Mtu ataangalia ng'ombe wa mwaka jana kufanya nini?

Nikawa naisoma nikipika, nikinyonyesha, nikingoja chai ichemke. Ulipokuwa unapiga simu nilikwambia nimeishika yote kwa kichwa. Ulicheka, ukasema, "Yote? Haya, Klorini." Nikafikiri unanisifu.

Lakini ile karatasi ilikuwa inanisumbua. Namba zilikuwa zinaruka. Kutoka moja unaenda tatu. Kutoka tisa unaenda kumi na moja. Kutoka kumi na saba, kumi na tisa. Mwalimu wetu alikuwa amesema elementi za kwanza ishirini, safu nane, na mimi nikihesabu napata kumi na saba, safu saba. Unajua nilifikiria nini? Nilisema huyu alichora akiwa na yale maumivu yake, akasahau. Nilikuonea huruma, Nafula. Nikatafuta biro nyekundu nikakurekebishia. Heliamu, Neoni, Agoni, majina niliyakumbuka, nikayabana pale ukingoni kulia, mbele ya Florini na Klorini. Nikasimama nyuma kidogo nikaangalia kazi yangu. Nilijisikia vizuri, bana. Nilisema nimemsaidia rafiki yangu.

Ngoja. Neema ameingia kwa karai na viatu.

Nimerudi. Nimemkausha, amekasirika, anakula ndizi huku amenipa mgongo.

Nilikuwa nakuja kwa kile kitu chenyewe, lile neno refu, elektronegativiti. Mimi na shule tuliachania hapo. Mwalimu alilisema mara moja, akaliandika ubaoni, kengele ikalia, na wiki hiyo ndiyo ilikuwa yangu ya mwisho na sketi ya shule. Wewe ndiye ulinifundisha, kwa ile njia ya kando ya reli hapo Bungoma, mvua ya saa kumi ikitupiga. Tulikuwa na mwavuli mmoja, ule wako wenye mfupa umevunjika, na mimi kwa vile ni mrefu ndiye nilikuwa nashika. Ukasema, "Unaona? Mwavuli ni wetu wawili, lakini umekaa kwako zaidi. Wewe ni Klorini. Mimi ni Haidrojeni, bega limelowa." Nilicheka mpaka nikasimama kwa matope. Kutoka siku hiyo jina langu likawa Klorini. Hata mama yako aliniita hivyo, bila kujua ni kitu gani.

Ulinieleza yote kabla hatujafika kwa daraja. Kwamba atomu mbili zikishikilia elektroni pamoja hazishikilii sawasawa, kuna moja inavuta kwake. Kwamba ukienda kulia kwa mstari, kiini kinaongezeka nguvu na viduara vya elektroni vinabaki vilevile, kwa hivyo kinavuta zaidi. Ukishuka chini kwa safu, viduara vinaongezeka, zile elektroni za nje zinakaa mbali, mvuto unapungua. Ulisema ni kama mama anayeita mtoto: aliye jikoni atasikia, aliye kwa jirani wa tatu atajifanya hasikii. Wakati huo hakuna kati yetu alikuwa mama wa mtu. Sasa mimi naita Neema kutwa nzima, na nakwambia hiyo ulisema kweli kabisa.

Kuna kitu kuhusu huo mwavuli. Nilikisikia siku ya kukuzika, na hakijanitoka. Mama yako alikuwa anaeleza wageni kuhusu ugonjwa wako wa damu, kwamba baridi ndiyo ilikuwa inaamsha maumivu, kwamba alikuwa anakufunika sana wakati wa mvua. Mimi nilikuwa nimebeba birika. Niliiweka chini. Kila mvua ya saa kumi, Nafula. Bega lako la kushoto. Na wewe ulifanya mzaha, ukaniita Klorini, na kesho yake ukikosa shule nilisema, ah, Nafula ni mtu wa kuugua tu. Hukuniambia nisogeze mwavuli. Ungesema tu, ningesogeza.

Na hiyo siku sikuongea. Uliona? Programu ilikuwa imeandikwa, wanafunzi wenzako wakaitwa, wakasimama mbele na yunifomu zao wakasema maneno mazuri. Mimi sikuwa na yunifomu. Mtu hakukataa niongee, hata sisemi hivyo, ni kwamba hapakuwa na mahali pangu kwa ile karatasi. Nilikuwa jikoni na akina mama tukigawa chai, Neema mgongoni. Wale waliokaa na wewe Form Three na Form Four walilia, na mimi niliona wivu juu ya kulia kwao. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe huwezi kunishangaa.

Sasa sikia yaliyotokea.

Kuna shule ya kutwa hapa Kitale ambayo inachukua wasichana wenye watoto. Baba Neema ndiye alisikia, huko Moi's Bridge anakopakia mahindi. Alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Akasema nijaribu. Shida ikawa Neema. Tukamwomba mama ya Baba Neema, Shosho, aje akae na mtoto mchana. Shosho ana shamba lake Kachibora, na hapendi mji, hapendi chumba chetu, anasema hata kupumua ni kwa zamu. Lakini alikuja. Siku ya kwanza akanikalisha chini akaniambia, "Mimi sijakataa usome. Nimekupa huu mwezi. Ukiingia, nitakaa. Usipoingia, tunaenda wote kwa shamba. Ama shule ama jembe. Hapo katikati hakuna mtu anaishi." Sikumkasirikia. Yeye alipanda basi na kuku wawili na godoro lake, ni mimi tu ndiye sikuwa nimepanda kitu.

Nikafanya intavyu. Hesabu nilipita, Kiswahili nilipita, Kiingereza nilipita kwa kusukuma. Kemia ilikuwa na Madam mmoja mwenye miwani ya kamba, na swali lake la kwanza, Nafula, nilikaribia kucheka kwa furaha. Ati nipange hizi nikianza na inayovuta elektroni zaidi: Sodiamu, Salfa, Klorini, Agoni, na nieleze. Nilisema Mungu amenikumbuka. Nikaandika Agoni, halafu Klorini, halafu Salfa, halafu Sodiamu. Nikaeleza nusu ukurasa: ukienda kulia nguvu inazidi, na Agoni yuko kulia kabisa, kwa hivyo ndiye baba yao. Kila swali lililofuata nililijenga juu ya hilo. Agoni yumo hata kwa hewa; kama angevuta vile niliandika, hata hewa tungegombania.

Madam alisoma mbele yangu. Akavua miwani, akaniuliza nani alinifundisha hivi. Nikasema ni rafiki yangu.

"Basi rafiki yako alikupotosha."

Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Hiyo ndiyo ile "ndiyo" ninayokuombea msamaha. Ilitoka haraka sana. Hata sikufikiria. Nilitaka tu asinione mjinga, nikakupa wewe ujinga, na wewe huna mdomo wa kujibu. Akasema kwa sababu masomo mengine nimejaribu, atanipa nafasi moja, nirudi Ijumaa. Nikatembea kutoka hapo mpaka nyumbani, nikapita nyumba nikaenda mbele, nikarudi. Shosho aliniangalia uso. Akanisogezea tu sahani ya githeri.

Kesho yake Shosho alikuwa ameenda sokoni. Nilimwogesha Neema, nikabaki na maji ya uvuguvugu kwa beseni, na nikiinua macho ile karatasi ikawa inaniangalia. Nilikasirika. Siwezi kukuficha. Nilisema, Nafula umekufa na umeniachia makosa kwa ukuta miaka yote hii, na mimi nimeyalinda dhidi ya moshi na mende. Nikachukua yale maji na kitambaa nikaanza kuloweka kingo ndiyo niing'oe. Nilianza upande wa kulia, pale kwa biro yangu nyekundu. Uji wa ngano ukilowa unarudi kuwa uji. Ukingo ukalegea, ukajikunja, ukanionyesha mgongo.

Kulikuwa na bluu.

Nilisimama na kitambaa kinadondokea miguu. Halafu nikavuta polepole, vile unatoa plasta kwa kidonda cha mtoto. Mwandiko wako. Kando ya ng'ombe, kwa ule ukingo mweupe wa kalenda, vijumba vitatu vimeshuka chini: mbili, Heliamu. Kumi, Neoni. Kumi na nane, Agoni. Karatasi ilikuwa imekuishia upande ule, na wewe ulikuwa umegeuza ukaendelea. Na chini yao, herufi ndogo, zimebanwa kati ya mguu wa ng'ombe na mwezi wa Desemba:

"Safu ya nane. Nafasi imeisha, ndiyo maana wako huku. Hawa usiwapange na wale wengine kwa kuvuta. Viduara vyao vya nje vimejaa, hawatafuti kitu kwa mtu. Wametosheka. Mimi na wewe bado, Klorini."

Neema alikuja akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekaa chini kwenye maji.

Hukusahau hata namba moja. Maumivu hayakukusahaulisha kitu. Mimi ndiye nilichukua kalamu nyekundu juu ya kazi yako, kwa sababu ya huruma, na hiyo huruma ndiyo ilinifelisha. Sikugeuza karatasi. Ulinipa yote na mimi nikaibandika na uji.

Ilibaki siku mbili hadi Ijumaa na sikukaa mahali pamoja. Nilipika na kitabu, nikafua na kitabu. Shosho akasema nikiendelea hivi nitamwaga chumvi kwa chai, na nilikuwa nimeshamwaga. Akaniuliza, "Hiyo chumvi nayo iko kwa masomo yako?" Nikamwambia iko, Shosho: Sodiamu ana elektroni moja huko nje anaishikilia kwa ncha ya vidole, Klorini anamkujia anaibeba nzima nzima, halafu wanashikana kwa hilo. Akafikiria. Akasema hiyo ni ndoa ya watu anaowajua huko Kachibora. Nilicheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

Ijumaa nilienda na karatasi. Niliikunja kama bomba, ile raba yako ilishakatika zamani, nikatumia uzi. Kabla Madam hajatoa maswali nikamwambia nina kitu cha kusema, na miguu yangu ikataka kutoka nje bila mimi. Nikasema, "Madam, rafiki yangu hakunipotosha. Hayo mekundu ni yangu." Nikaitandaza kwa meza, nikaigeuza.

Alisoma upande wa ng'ombe akiinama. Alisoma tena. Akaniuliza nani aliandika hii, nikasema Nafula, tulikuwa Form Two naye Bungoma. Akaniuliza sasa yuko wapi. Nikamwambia. Hakusema pole haraka vile watu husema. Alipitisha kidole kwa mistari yako ya rula, akasema, "Huyu angekuwa mwalimu." Niliangalia dirisha.

Halafu akaweka karatasi kando, akanipa swali kwa mdomo. Nimweleze kwa nini kwa maji, Oksijeni na Haidrojeni hawagawani elektroni sawa. Sikuandika. Nilimweleza mwavuli. Nikamwambia ni wa watu wawili lakini umekaa kwa mmoja zaidi, na bega la mwingine limelowa, na kwa maji ni Oksijeni ameshika mwavuli katikati, Haidrojeni wako kando wawili. Nikamwambia Oksijeni yuko kulia kwa mstari wake, viduara vyake ni vichache, elektroni ziko karibu na kiini, kama mtoto aliye jikoni. Nikampangia tena lile swali la kwanza: Klorini, Salfa, Sodiamu. Agoni nikamwacha peke yake. Akaniuliza kwa nini nimemwacha. Nikasema, ametosheka, Madam.

Akaandika kitu kwa faili. Akaandika muda mrefu, kalamu ikaisha wino, akatafuta nyingine kwa droo, na mimi nilihesabu vyuma vya dirisha mara nne.

Nafula, Jumatatu naingia Form Three.

Nilirudi nikikimbia. Shosho alikuwa nje anachambua mboga, nikamwambia, akasema "haya" na akaendelea kuchambua, lakini aliita Neema akamwambia, "Kuanzia Jumatatu wewe ni wangu." Halafu akaniuliza kama godoro lake linaweza kuwekwa upande usio na upepo. Baba Neema nilimpigia, nikasikia wanaume wakipiga kelele huko nyuma na yeye hasemi kitu. Nilidhani simu imekatika. Alikuwa anajipangusa.

Madam alitaka abaki na karatasi aitoe kopi. Nilikataa, na nadhani nilikataa vibaya. Baadaye nilimwambia nitaileta Jumatatu, akanishika mkono tu. Hiyo biro nyekundu sijaifuta. Ibaki hapo niione. Sasa kalenda imetundikwa kwa msumari mmoja, juu, katikati, haijashikwa na kitu kingine. Upepo wa mlango ukiingia inajigeuza yenyewe. Saa hii naandika naiona, mara elementi, mara ng'ombe. Neema anasema muu.

Kesho baada ya kanisa nakuja Bungoma, na hii barua nitakusomea hapo kwenu, nje, kwa kaburi lako, kwa mama yako pia kama atataka kusikia. Nitamwambia habari ya mwavuli. Naogopa hiyo kuliko intavyu. Lakini sitaki kuingia darasani nikiwa nimemficha.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikuvuta. Nikiosha vyombo nakuita, nikikosa usingizi nakuuliza mbona hukuniambia, mbona ulinipa mwavuli, mbona umenyamaza. Nilifikiri umenikasirikia. Sasa naona ni vile uko nyuma ya karatasi, kwa safu yako, huna maumivu, huna baridi, hutafuti kitu kwangu. Sitaki kukurudisha kwa haya mashindano yetu ya kuvutana. Pumzika bila mimi kukuvuta kila saa. Nitajaribu, lakini usitegemee sana, unanijua.

Na nakuahidi hii moja, ninayoiweza. Huko shuleni kutakuwa na msichana asiye na mwavuli. Mvua ya Kitale haijui mtu. Nitashika mimi, kwa sababu bado ni mrefu, na nitausogeza kwake mpaka bega langu lilowe. Na karatasi yoyote nitakayopewa na mtu, nitaigeuza kwanza.

Kwaheri, Nafula. Wewe umetosheka. Mimi bado.

Ni mimi,
Klorini